Lefti, Laiti: Kumuaga Fundi Bramwel Walubengo

Jumatatu tarehe 30 Juni 1958, Fundi Bramwel Walubengo atatundika aproni yake kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa karakana, na safari hii hatarudi kuitungua. Ameitumikia Karakana ya Saboti hapa Kitale kwa miaka thelathini na moja. Wengi wetu hatujawahi kuiona karakana hii bila yeye, na tunapojaribu kuifikiria hivyo tunaona benchi tu, na mwanga wa dirishani ukianguka juu ya benchi lisilo na mtu.

Alifika Kitale mwaka 1927 akitokea upande wa Kimilili, kijana mwembamba mwenye shati moja na nguvu nyingi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia maranda. Wenzake walikuwa wakiyatupa motoni, lakini yeye aliyaokota na kuyatazama yalivyojikunja, akajifunza kutoka humo namna kila fundi alivyoshika randa yake. Haukupita muda mrefu akapewa randa yake mwenyewe. Ndiyo hiyo hiyo anayoitumia mpaka leo, ingawa mpini wake umebadilishwa mara nyingi.

Kazi zake zimetapakaa nchi hii. Milango aliyoitengenezea hospitali ya misheni kule Lugulu bado inafungika bila kupiga kelele, na wagonjwa wanalala. Wakati wa vita alipigilia masanduku ya jeshi mpaka mikono ikawa migumu kama mbao zenyewe. Mikokoteni ya mahindi, mizinga ya nyuki, viti vya kanisa, vitanda vya maharusi, vyote vimepita mikononi mwake. Hakuwahi kumfokea mwanafunzi wa kazi. Ukikosea kipimo, alikuwa anakohoa tu. Kikohozi hicho kilitosha.

Hatuwezi kumuaga bila kulitaja sanduku la Kimilili. Mwalimu mmoja alikuja kuagiza sanduku la kalamu kwa ajili ya shule yake. Sisi wa upande wa Bungoma tunajulikana kwa kuzichezesha r na l, na mwalimu yule alitamka "sanduku la karamu." Fundi Walubengo, ambaye naye ni wa huko huko, alisikia karamu na akaamini ni karamu. Akaunda sanduku lenye nafasi ya sufuria nne, sahani za watu hamsini na bakuli la mchuzi. Mwalimu alipokuja kulichukua alilizunguka mara mbili akauliza, "Fundi, hawa watoto wataandika na nini, na miiko?" Sanduku hilo lipo mpaka leo. Hutolewa kila shule inapokuwa na sherehe, na tunaambiwa hakuna anayetaka libadilishwe.

Lakini watu wa Kitale wanamkumbuka zaidi kwa Mwewe, na habari ya Mwewe haisimuliki bila Fundi Kirpal Singh.

Fundi Kirpal alikuja mwaka 1953, akakodi pembe moja ya karakana yetu kwa kazi ya kutengeneza redio. Alikuwa na picha ya ndege ndogo ya mbao isiyo na injini, yenye mabawa marefu kuliko mtu mzima akinyoosha mikono. Ndege hiyo huachiwa juu ya mteremko, upepo unaopanda mlima unaibeba, na mtu aliyesimama chini huigeuza kwa redio. Fundi Kirpal alijua kila kitu kuhusu redio. Kuhusu mbao hakujua. Alihangaika miezi kadhaa, na siku moja Fundi Walubengo, akitafuna hindi la kuchoma mlangoni, akamwambia kwa upole, kwa jina la heshima la Masingasinga, "Sardar, hiyo haitaruka. Hiyo ni ya kulima."

Fundi Kirpal alicheka mpaka akakaa chini. Urafiki wao ulianza hapo.

Mbao nyepesi iliyokuwa imetoka Ulaya kwa posta ilikwisha kabla ya bawa la kwanza. Fundi Walubengo akachagua mringaringa, mbao ileile ya mizinga ya nyuki, akauchonga ukawa mwembamba hata ukiushika juani unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Kila ubavu wa bawa aliupiga msasa kisha akauweka mdomoni, kati ya meno, akausikiliza alipougonga kwa ukucha. Uliolia vibaya aliutupa. Mabawa yalivikwa hariri na kupakwa varnishi yenye harufu ya ndizi zilizoiva sana, na kwa wiki nzima nzi wote wa Kitale walihamia kwetu. Tumboni mwa ndege Fundi Kirpal aliweka redio yake, betri, na raba ya tairi la baiskeli iliyosokotwa. Raba hiyo ndiyo iliyougeuza usukani wa mkia. Ukibonyeza kitufe mara moja, ndege inakwenda kushoto. Ukibonyeza mara mbili, kulia. Kila kugeuka kunaifungua raba kidogo, na raba ikiisha, ndege haina bwana tena.

Wakampa jina la Mwewe, na tangu siku hiyo hakuna aliyemhesabu tena kuwa kitu tu.

Jumapili baada ya ibada walimpeleka juu ya Endebess, mahali mlima unapoanza kuinuka na upepo wa tambarare unapokuja kuugonga. Ukisimama pale unaitazama nchi yote ya mahindi mpaka macho yachoke. Fundi Kirpal alikuwa na kitufe lakini hakuwa na macho. Miwani yake ilikuwa minene kama vitako vya chupa. Fundi Walubengo alikuwa na macho ya kumwona mbuzi wa jirani ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo mmoja alitazama na kuita, mwingine akabonyeza. Hakuna kati yao aliyeweza kumrusha Mwewe peke yake.

Mwanzoni waliitana "kushoto" na "kulia." Haikufaa. Upepo wa Endebess unakula mwisho wa neno, na kilichomfikia Fundi Kirpal kilikuwa "ku" tu. Baada ya Mwewe kuangukia nyasi mara kadhaa, walikubaliana kutumia maneno ya gwaride, lefti na raiti, kwa kuwa moja linaanza na l na jingine na r. Ulikuwa mpango mzuri sana. Ulisahau jambo moja tu, kwamba mwenye kuita alikuwa Bramwel Walubengo.

"Lefti!" aliita. Kisha, "Laiti!"

Wapita njia walisimama kumtazama mzee huyu anayelia "Laiti! Laiti!" mlimani, wakidhani amefiwa. Mama mmoja alimletea maziwa ya kumtuliza. Askari naye alikuja, kwa kuwa siku hizo za hali ya hatari redio ilikuwa jambo la kuulizwa. Fundi Kirpal alitoa cheti chake cha Posta. Askari akakigeuza, akaitazama ile fimbo ndefu ya waya, akamgeukia Fundi Walubengo.

"Mzee, hii redio inaongea na nani?"

"Na ndege, afande."

"Na ndege inajibu nini?"

"Inageuka, afande."

Askari alibaki hapo mpaka jioni. Jumapili iliyofuata alirudi bila sare.

Kwa miaka mitatu Fundi Kirpal aliijua sauti ya rafiki yake kama anavyoijua redio. Aliweza kuitofautisha "le" na "la" hata katika upepo. Lakini Jumapili moja ya mwaka 1956 upepo ulikuwa mkali kupita kawaida. Mwewe alikuwa akielekea kaskazini, mlima ukiwa kushoto kwake na tambarare kulia. Ilikuwa lazima ageuke kulia, atoke nje kwenye upepo. Fundi Walubengo aliita "Laiti!" kwa nguvu zake zote. Fundi Kirpal alibonyeza mara moja.

Mwewe aligeuka kushoto, akapita juu ya vichwa vyao, upepo ukamshika mgongoni na kumvusha ukingo wa mlima. Alionekana kidogo juu ya miti, akimeta, kisha hakuonekana.

Walimtafuta mpaka giza. Na walipochoka walifanya wanachofanya watu waliochoka.

"Wewe sema lefti!"

"Nilisema laiti!"

"Ndiyo hiyo! Laiti, lefti, yote moja! Mdomo yako hapana r?"

"Na masikio yako, Sardar, hayana nini?"

Waliteremka kila mtu na njia yake. Mwezi uliofuata Fundi Kirpal alihamia Bungoma, akafungua duka la redio karibu na stesheni. Alichukua sanduku lake la kurushia mawimbi, lile lenye kitufe. Hawakuagana.

Baada ya hapo Fundi Walubengo alifanya kazi kama siku zote, na kazi haikupungua uzuri. Lakini alilihamisha benchi lake likaelekea mlima. Upepo ulipobadilika alasiri, randa ilisimama. Wenzake walimshauri atengeneze ndege nyingine. Mringaringa upo, hariri ipo. Alijibu kwamba mbao anazo, macho anayo, lakini hana wa kumwita. Alipokwenda nyumbani Kimilili mwisho wa mwezi, mkewe, Mama Edah, alimtania kwamba hiyo ndege hajawahi kuiona, labda ilikuwa ya ndotoni. Na siku za kustaafu zikawa zinakaribia. Sote tulijua alichokuwa anakitaka kabla ya kuondoka Kitale. Hakuwahi kukiomba, lakini tulikijua: kumwona Mwewe angani mara moja tena, na Kirpal akiwa pembeni yake.

Mwezi wa Aprili mwaka huu aliingia karakana mama mmoja kutoka juu ya Endebess, Chepkemei, mfugaji wa nyuki. Alitaka mizinga mipya. Akatoa kwenye shuka lake kipande cha mbao kilichopinda, akasema anataka mbao nyepesi kama hicho.

Fundi Walubengo alikipokea. Akakiweka kati ya meno, akakigonga kwa ukucha.

"Mama," akasema, "hiki ni ubavu."

"Ubavu wa nini?"

"Wa Mwewe wangu."

Chepkemei akashika mdomo. "Kumbe ni yako? Sisi tuliogopa, tukasema ni ya serikali. Ilianguka kwa mahindi yetu. Mama mkwe akasema tunyamaze, tukaiweka juu ya dari. Tulitoa hicho kipande tu, na mkia wa kufukuza tumbili."

"Na tumbili walifukuzika?"

"Sana! Huo mkia utaniachia, fundi. Mahindi yameanza kuota."

Kimaiyo, dereva wetu, alimpeleka Fundi kwa Chepkemei kwa lori siku hiyo hiyo. Panya walikuwa wamekula hariri ya bawa moja, na raba ilikuwa imeoza ikawa unga. Lakini mgongo ulikuwa mzima, na kila kiungo alichogundisha Fundi kilikuwa kimeshika. Chepkemei alibaki na mkia wa zamani, sisi tukatengeneza mpya. Lenah wa jikoni alitoa kitambaa chake cha kichwani cha hariri, cha sikukuu, na alipoambiwa ni kizuri mno alisema kichwa chake kimekwisha kukaa nacho vya kutosha, sasa kikapande juu. Kwa hiyo leo Mwewe ana bawa moja jeupe na jingine la maua mekundu. Karakana ilinuka ndizi mbivu tena. Nzi walirudi kama ndugu.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko mbao. Fundi Walubengo hakutaka kwenda Bungoma. Alisema yeye ndiye aliyeambiwa hana r, basi mwenye r aje. Aliyemaliza maneno hayo ni Mama Edah.

"Wazee wawili mnanuniana kwa herufi moja?" alimwambia. "Mimi nimekaa na wewe bila hiyo r tangu tuoane, na sijaondoka. Vaa koti."

Mama Edah ndiye aliyetusimulia yaliyotokea, kwa kuwa wenyewe hawakusema. Walipanda basi Kimilili wakashuka Bungoma. Fundi Walubengo alikuwa amebeba ule ubavu mmoja kwenye karatasi ya sukari. Fundi Kirpal alikuwa ameinama juu ya redio ya mtu, hakuinua kichwa. Siku hizi hata akiinua, anaona kivuli tu. Ubavu uliwekwa juu ya kaunta mbele yake. Akaupapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuuliza ni nani.

Fundi Walubengo alisafisha koo. Mama Edah anasema alimwona mumewe akiukunja ulimi, akijitahidi kwa jasho kuitamka ile herufi kama Mzungu, angalau mara moja maishani. Likatoka lililozoea kutoka.

"Laiti."

Fundi Kirpal akatikisa kichwa polepole. "Nasikia," akasema. "Mara mbili."

Jumapili iliyopita lori la karakana lilipanda Endebess likiwa limejaa. Tulikuwa sisi, wake na watoto, Chepkemei na jirani zake, na askari yule, ambaye sasa ni koplo. Mama Edah alikalishwa mbele, kwenye kiti kilichotengenezwa na mumewe. Fundi Kirpal, aliyekwisha kumwekea Mwewe betri na raba mpya, alisimama na sanduku lake, uso ameuelekeza chini kwenye nyasi, kwa sababu macho hayakuwa na kazi tena pale. Alitega sikio tu. Fundi Walubengo alimwinua Mwewe juu ya kichwa, akangoja upepo umguse, akamwachia.

Hakuanguka. Alishuka kidogo kama anayevuta pumzi, kisha akapanda, na maua mekundu ya Lenah yakawaka juani.

"Ee," akasema Mama Edah. "Kumbe ilikuwa kweli."

"Lefti!" aliita Fundi Walubengo. Kitufe kikabonyezwa. "Laiti!" Kikabonyezwa tena na tena. Mwewe alikwenda na kurudi mbele ya mlima, bila kelele isipokuwa mluzi mwembamba wa upepo kwenye hariri. Hakuna kosa hata moja. Sauti ya mzee ilikuwa ileile, r haikuwepo, na upepo ulikuwepo, lakini safari hii mtu mmoja alikuwa akisikiliza kwa miaka yote miwili aliyoikosa.

Kisha Fundi Kirpal, aliyekuwa akihesabu raba moyoni, akasema bila kuinua uso, "Bramwel. Imebaki moja."

Mwewe alikuwa akielekea kaskazini, mlima kushoto, tambarare kulia, kama siku ile. Fundi Walubengo alifungua mdomo. Hakuita. Mwewe akaendelea. Alipita mti wa mwisho ambao huwa anageuzwa hapo, akawa mdogo. Kimaiyo akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ita sasa." Hakuita. Tulielewa kwamba akiita mara hiyo, itakuwa imekwisha: ndege itarudi, itatua, lori litashuka, na Kitale itabaki nyuma. Alisimama amemkazia macho kama mtu anayemsindikiza mgeni na hataki kufika njia panda.

Mwishowe akaita. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Laiti," na kwa umbali huo mdogo kati yao, Fundi Kirpal alisikia.

Mwewe akageuka. Akarudi taratibu mbele yetu sote, akashuka kwenye nyasi karibu na kiti cha Mama Edah, bawa la maua likimwelekea yeye.

Mzee wetu, sasa unakwenda nyumbani Kimilili. Bungoma si mbali, mteremko upo, na tumesikia kwamba Fundi Kirpal ameshaanza kusokota raba mpya. Tunafurahi kwa ajili yako, na kwa ajili ya Mama Edah aliyekungoja mwisho wa kila mwezi kwa miaka yote hii. Asante kwa milango isiyolia. Asante kwa kikohozi chako. Asante kwa kutuachia benchi lililoelekea mlima. Tumekubaliana kwamba halitahamishwa.

Mungu akupe afya, chakula cha kutosha na upepo unaopanda. Sisi tutabaki hapa na maranda, na alasiri upepo utakapobadilika, randa zetu nazo zitasimama kidogo. Ukiwa huko, ukajikuta unatukumbuka, basi sikiliza vizuri. Tutakuwa tunaliita neno lako, kwa maana zake zote mbili. Laiti ungebaki, Mzee. Na kama huwezi kubaki, basi siku mojamoja, geuka.

Laiti.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Karakana ya Saboti,
Agneta Nasimiyu, ofisini